Munganga, avoka, injenyeri: masomo ya jumla yanamusaidia nini mashariki mwa Kongo?

Kila mara mwaka wa masomo unapofunguliwa ku iniversite za Bukavu, Goma, Butembo, Beni ao Bunia, kuna swali linalorudi kwenye nyumba nyingi. Muzazi ameuza ngombe, ao amechukua deni kwenye AVEC ya mutaa. Mutoto amejiandikisha kusomea uganga. Kisha muzazi anaangalia ratiba: kuna kemia, kuna biolojia, kuna anatomia, hiyo ni sawa. Lakini kuna pia logiki, saikolojia, elimu ya uraia, namna ya kusema na kuandika Kifaransa, Kiingereza. Muzazi anauliza: hiyo logiki itatibu nani?

Swali hilo si la ujinga. Dola inayolipwa ku iniversite ni dola iliyokosa kununua mabati ao kulipia wadogo masomo. Na wanafunzi wenyewe, wengi wanahesabu masomo hayo ya jumla kama ya kujaza ratiba: unaenda siku ya prezansi, unanunua silabusi, unakariri usiku mumoja, unapita, unasahau.

Lakini ukiangalia mambo yaliyopita katika majimbo yetu tangu miaka kumi hivi, unaona kwamba ile sehemu ya masomo inayozarauliwa njo ilikosekana mahali watu walikufa ao walipoteza mashamba. Na unaona tena kwamba namna masomo hayo yanafundishwa leo, hata kama yangeongezwa mara mbili, hayangesaidia sana.

Hesabu ya LMD

Inchi yetu iliingia katika mufumo wa LMD, maana yake licence, master na doctorat. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 iliufungulia njia, na kwenye mwaka wa masomo 2021-2022, wakati wa waziri Muhindo Nzangi, iniversite na shule za juu zote ziliombwa kuanza nao kwenye mwaka wa kwanza. Zamani ilikuwa graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2. Sasa licence ni miaka 3 yenye krediti 180, na master ni miaka 2 yenye krediti 120. Semestri moja ni krediti 30.

Krediti haihesabu tu masaa ya kukaa mu oditwari. Inahesabu pia kazi mwanafunzi anafanya peke yake: kusoma, kuandika, kutafuta. Na masomo yamefungwa katika mafungu yanayoitwa UE. Kuna UE za kazi yenyewe, na kuna zile zinazovuka fakilte zote: lugha, informatike, uraia, njia za utafiti. Ndani ya wazo la LMD, mwanafunzi wa uganga angeweza kukamata krediti kidogo upande wa sosiolojia, na wa sosiolojia akaenda kusikia takwimu kwa wenzake wa uchumi. Kwenye karatasi ni muzuri. Lakini kwa mazoea yetu fakilte ni kama chefferie: kila moja na mwami wake, na mupaka haivukwi.

Tuseme sehemu moja juu ya kumi ya licence ingekuwa ya masomo hayo ya kuvuka. Ni krediti 18 kati ya 180. Hiyo ni zaidi ya nusu ya semestri moja kwa miaka mitatu. Si nyingi za kuharibu munganga, na si kidogo za kucheza nazo.

Ilivyokuwa Lovanium, na kilichofuata

Iniversite ya kwanza ya inchi, Lovanium, ilianza mwaka 1954 pale Kinshasa, wakati ule Léopoldville, ikiwa mutoto wa iniversite ya Kikatoliki ya Louvain. Ilifuata mutindo wa Ubelgiji: kwanza miaka ya candidature, kisha licence. Mwanafunzi wa sheria alipitia falsafa, historia na saikolojia mbele ya kushika vitabu vya sheria vyenyewe. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mumoja kati ya watu waliogundua virusi vya Ebola mwaka 1976, alisomea uganga pale, kisha akaenda Louvain.

Hakuna haja ya kulilia wakati ule. Ilikuwa shule ya watu kidogo sana, na Wakongomani waliokuwa na diplome ya iniversite siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, walihesabika upesi. Lakini wazo moja lilikuwamo: kwamba mutu hawezi kupewa mamlaka juu ya mwili ao mali ya mwenzake kama hajafundishwa kwanza kufikiri juu ya watu.

Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha Lovanium, iniversite ya serkali ya Lubumbashi na iniversite ya Waprotestanti ya Kisangani, ikawa moja tu, UNAZA. Mambo mawili yaliyofanyika wakati ule yanatufuata mupaka leo. La kwanza: graduat ya miaka 3 ilichukua nafasi ya candidature, na ilitakiwa itoe mutu mwenye kazi mukononi. Masomo ya kufungua akili yalisukumwa pembeni. La pili, ambalo watu wanalisahau: fakilte zilitawanywa katika miji. Uganga, sheria na uchumi Kinshasa. Lettres na sayansi za jamii Lubumbashi. Saikolojia na elimu Kisangani. Kwa miaka kumi, mwanafunzi wa uganga wa Kinshasa hakukuwa na mwenzake wa lettres kwenye kampasi ile ile wa kubishana naye wakati wa chakula. Mwaka 1981 UNAZA ilikatwa tena iniversite tatu, lakini desturi ya kila mutu kwake ilikuwa imeota mizizi.

Tena kulikuwa na kivuli kingine. Wakati wa chama kimoja, elimu ya uraia na politiki ilikuwa njia ya kumeza mafundisho ya MPR. Utawala uliopeleka wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu mwaka 1971 ulikuwa unawafundisha uzalendo darasani. Wazazi wa leo ni watoto wa wakati ule. Wakisikia "uraia", wanakumbuka nyimbo za animasio. Kuzarau kwao kuna sababu.

Iniversite za mashariki zilizaliwa baadaye, nyingi kwa nguvu za makanisa na za wakaaji wenyewe: ULPGL ya Goma mwaka 1985, iniversite ya Kikatoliki ya Bukavu na ile ya Graben ku Butembo mwaka 1989, UEA ya Bukavu mwaka 1991. Zilifungua kile wazazi waliomba: uganga, sheria, uchumi, kilimo. Ilieleweka. Inchi ilikuwa inaanguka, barabara ya kwenda Kisangani ilikuwa inakufa, watu walitaka munganga karibu. Lugha, historia na jiografia zikabaki sana sana kwenye ISP, shule za kufundisha walimu. Katika muji mumoja, basi, unakuta wanganga wa kesho upande mumoja na wanahistoria upande mwingine, moto ya dakika kumi kati yao, na hawajuane.

Butembo, 2018 mupaka 2020

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa ku Kivu ya Kaskazini. Ilifika Ituri, ikagusa pia Kivu ya Kusini. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3 470 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa, na 2 287 walikufa. Ilikuwa Ebola kubwa kupita zote za inchi yetu, na ya pili duniani nyuma ya ile ya Afrika ya Mangaribi.

Jambo la kushangaza ni kwamba mara hii dawa ya chanjo ilikuwako. Maabara yalikuwako. Wataalamu walikuwako, makuta yalikuwako, majeep yalijaa barabara za Beni na Butembo. Sasa juu ya nini ilichukua karibu miaka miwili?

Vita ni sehemu ya jibu. Lakini sehemu ingine ni kwamba wengi waliofika walijua virusi na hawakujua watu. Ku teritware ya Beni, watu walikuwa wanachinjwa tangu Oktoba 2014. Kwa miaka mine waliomba musaada na waliona kidogo. Halafu ugonjwa unafika, na dunia nzima inafika nyuma yake, pengine na askari wenye bunduki wanaosindikiza wanganga. Mukaaji wa Beni anauliza: juu ya nini kifo hiki kinawaleta na kile kingine hapana? Ni swali la historia na la politiki. Mwanafunzi aliyesoma tu epidemiolojia hana jibu lake. Anaona "watu wagumu", "wasioelewa", na anaandika neno hilo kwenye ripoti.

Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, CENI ilitangaza kwamba uchaguzi hautafanyika ku Beni na Butembo kwa tarehe ya wengine, sababu ya Ebola na usalama mudogo. Uliahirishwa mupaka Marsi 2019, na raisi mupya aliapishwa Januari. Kesho yake, tarehe 27 Desemba, vijana wa Beni walishambulia kituo cha kupokea wagonjwa wa Ebola. Mutu mwenye kusoma kidogo sayansi ya politiki angeona moto huo ukija: siku unaposema ugonjwa unazuia kura, na soko na kanisa vinabaki wazi, umegeuza ugonjwa kuwa chama cha politiki.

Mazishi pia. Kwetu mufu anaogeshwa, anakeshewa, anazikwa na wake. Timu inafika na nguo nyeupe, inafunga maiti ndani ya mufuko, inaenda. Kwa upande wa virusi, ni sawa kabisa, maana maiti ya Ebola inaambukiza sana. Kwa upande wa jamaa, ni wizi wa mufu. Kazi ilianza kusonga vizuri pale watu walipokaa chini na familia: mumoja wao anavaa nguo za kinga na kubeba, pasta ao padri anaomba kwa umbali, mufuko unakuwa na nafasi ya kuona uso. Ujuzi huo haukutoka kwenye maabara. Ulitoka kwa antropolojia, na kwa wamama wa mutaa.

Na lugha. Shirika la Watafsiri bila Mipaka lilichunguza namna habari za Ebola zilikuwa zinasikilika, na liliona kwamba Kifaransa na hata Kiswahili cha vitabu vilikuwa vinawaacha watu wengi njiani. Watu walitaka maelezo kwa Kinande na kwa Kiswahili chao, tena maelezo ya kina, si maneno mafupi ya afishi. Waandishi wa redio za jamii wanalijua hilo tangu zamani. Munganga kijana anafundishwa kwa Kifaransa miaka yote, anafanya mitihani kwa Kifaransa, na siku ya kwanza ya kazi anapaswa kumuelewesha mama wa Kyondo ao wa Lubero kitu gani kinaitwa ridhaa, hatari, uwezekano. Nani alimufundisha hilo? Mara nyingi hakuna.

Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, munganga Richard Mouzoko, mutu wa Kameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa ku kliniki za iniversite ya Graben mu Butembo, akiwa kwenye mukutano wa kazi. Hakuna somo la iniversite linalozuia risasi, na itakuwa uongo kusema kwamba krediti tatu za sosiolojia zingemuokoa. Lakini chuki iliyozunguka kazi yote ilikuwa imejengwa miezi mingi, kidogo kidogo, kwa mambo ambayo wengi wa viongozi wa kazi hawakujua kuyasoma. Mwezi wa saba wa mwaka ule, uongozi wa kazi ulipewa Profesa Muyembe. Mwaka 1995, wakati wa Ebola ya Kikwit, yeye alikuwa ameshaona kwamba bila jamii, munganga anakimbiza ugonjwa kutoka nyuma.

Avoka na kifungu cha 389

Upande wa sheria mufano ni wa kimya zaidi, lakini unaua pia.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Serkali. Kuhusu mashamba yanayokaliwa na wanainchi kufuatana na desturi, kifungu cha 389 kinasema kwamba haki zao zitapangwa na amri ya Raisi. Miongo ilipita, amri hiyo haikutolewa. Maana yake ni hii: mwanafunzi wa sheria anayejua tu kitabu cha sheria anafika kwenye kifungu kinachomutuma kwenye karatasi isiyokuwako. Pale njo sheria inaishia, na pale njo kesi nyingi za vijiji vyetu zinaanzia.

Ku Bushi anatakiwa ajue kalinzi, ule mupango wa zamani ambao mutu anatoa ngombe kwa mwami ao kwa mwenye udongo, na anapata shamba la kuachia watoto wake. Anatakiwa aitofautishe na bwasa, ambayo ni ya kulima kwa muda tu. Ku Masisi na Rutshuru anatakiwa ajue wakati wa Wabelgiji, watu waliohamishwa kwenda kulima, mashamba makubwa ya wazungu, na nani aliyapata wakati wa zairianizasio ya mwaka 1973. Ku Ituri anatakiwa ajue namna ugomvi wa mashamba ya Djugu uliingia ndani ya vita ya mwaka 1999. Yote hayo ni historia na antropolojia. Avoka asiyeyajua atashinda kesi mu tribinali na atawasha moto mu kijiji. Wengine wanajua hivyo na wanakubali kulipwa tu, hiyo ni habari ingine.

Mutu anaweza kujibu kwamba avoka mwenye akili atajifunza hayo akiwa kazini. Ni kweli, wengine wanajifunza. Ila gharama ya kujifunza kwake inalipwa na wateja wa kwanza.

Nafasi ambapo masomo yanakutana

Mufano muzuri hauko mbali. Ku hopitali ya Panzi, Bukavu, ambayo ilianzishwa mwaka 1999 na inafanya kazi pamoja na UEA, daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, na wenzake waliona mapema kwamba kushona mwili wa mwanamuke aliyenajisiwa haitoshi. Wakaweka pamoja munganga, mwenye kutunza roho na akili, avoka, na mutu wa kumusaidia kurudi kwenye maisha na kazi. Hiyo yote kwa mugonjwa mumoja. Munganga wa pale anapaswa kuandika karatasi ambayo jaji ataielewa. Mwanasheria anapaswa kujua juu ya nini mutu aliyeumizwa anasimulia habari yake kwa kuruka-ruka, na kwamba hiyo haimaanishi anadanganya. Kama hawakusikia masomo ya wenzao hata kidogo, kila mumoja atamuomba mama yule asimulie tena, kwa mara ya nne.

Na injenyeri? Tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe yalifunika Bushushu na Nyamukubi ku Kalehe, zaidi ya watu 400 walikufa. Kuhesabu nguvu ya daraja ni kazi ya injenyeri. Kujua juu ya nini watu wamejenga na soko limewekwa palepale chini ya mulima, na juu ya nini hawatahama kwa amri tu, ni kazi ya mwenye kujua jiografia, njaa na historia ya udongo. Yote mawili yanapaswa kukaa kichwani mwa mutu mumoja, ao angalau kwenye meza moja.

Wasiokubali wana haki kwa sehemu

Kuna wanganga na maprofesa wanaosema: mwanafunzi wetu anamaliza bila kuona mikroskopu ya kutosha, anafanya stazi kwenye hopitali isiyokuwa na vifaa, na nyinyi munataka kumuongezea falsafa? Neno hilo ni zito. Munganga anayejua kuongea vizuri na hajui kupima mimba ni hatari kuliko yule mwingine. Kazi yenyewe lazima ipite mbele.

Lakini angalia vizuri. Masomo ya jumla yamekwisha kuwa kwenye programu. Masaa yao yamekwisha kulipwa na wazazi. Kinachofanyika ni kwamba yanalipwa na hayatolewi. Oditwari moja, wanafunzi mamia, promosio za fakilte tatu pamoja. Kipaza sauti kinakatika wakati umeme wa SNEL unaenda. Asistanti anasoma silabusi iliyoandikwa zamani, ao profesa anatoka mbali, anamaliza masaa yote kwa siku tano, asubuhi na mangaribi, anaenda. Hakuna kuandika, hakuna kubishana. Mutihani ni kutoa maana ya maneno. Logiki inafundishwa kwa mifano ya Wagiriki wa kale, na mutaani uvumi unapita kwenye WhatsApp kila saa moja bila mutu wa kuupima.

Huo ni wizi mudogo, na haufanywi na mutu mumoja. Fakilte inatafuta masaa ya bei rahisi, mwalimu anatafuta iniversite tano ili apate mushahara mumoja wa kweli, mwanafunzi anatafuta alama. Ukiongeza krediti ndani ya hali hiyo, umeongeza tu silabusi za kuuza.

Tunaweza kuangalia jirani. Ku iniversite ya Dar es Salaam, nyuma ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waliamua kwamba kila mwanafunzi, awe wa sheria ao wa uinjenyeri, apitie somo la maendeleo: juu ya nini inchi ni maskini, nani anapata, nani anapoteza. Kwa wakati fulani somo lile lilikuwa na moto kweli, wanafunzi wakibishana na wakubwa. Lakini hata pale, somo la lazima linalofundishwa kwa watu wengi sana linaweza kuzeeka na kuwa kawaida tu. Tangu mwaka 2022 Kongo ni memba wa Jumuia ya Afrika ya Mashariki, na vijana wetu wengi wanasomea Kampala, Bujumbura ao Kigali. Mazungumzo juu ya programu yatakuja tu, tupende tusipende.

Bila makuta mengi

Kuna mambo ambayo hayaombi bajeti ya Kinshasa. Somo la logiki ku fakilte ya uganga linaweza kutumia uvumi wa Ebola na wa chanjo kama kazi ya nyumbani: nani alisema, alijua namna gani, nini ingeonyesha kwamba si kweli? Somo la kusema na kuandika linaweza kuwa na nusu yake kwa Kiswahili ao lugha ya mahali: mwanafunzi asimame mbele ya wenzake amueleweshe "mugonjwa" ugonjwa wa tasio ao wa sukari bila neno la Kifaransa, na wenzake waseme pale walipotea. Somo la uraia ku sheria linaweza kuwa kukaa siku tatu mbele ya kiongozi wa groupement na kuandika kesi moja ya shamba. Krediti za LMD zinaruhusu, kwa sababu zinahesabu kazi ya inje ya oditwari.

Walimu nao wako. Wanahistoria na watu wa lugha wa ISP wako muji ule ule, wengi wanatafuta masaa. Iniversite ya lugha mbili ya Beni, UCBC, ilijaribu tangu mwanzo kuweka masomo ya pamoja na kazi ya mikono kwa wanafunzi wake wa kila upande. Mutu anaweza kupenda ao kutopenda njia yao, lakini inaonyesha kwamba iniversite changa, katika muji wa vita, inaweza kupanga masomo kwa namna ingine bila kungoja.

Kitu kimoja ni kigumu kweli: alama. Mupaka leo mwanafunzi anayeanguka kemia analia, anayeanguka uraia anacheka, kwa sababu anajua atapewa alama ya kupita. Siku ambapo promosio ya uganga itaona mwenzao mwenye akili ya kemia anarudi sesio ya pili juu ya kushindwa kumuelewesha mugonjwa, watu watasoma.

Na wazazi wako na karatasi moja wasioiomba. Kila fakilte ina maketi ya masomo: orodha ya UE zote za mwaka, na krediti za kila moja. Inapatikana kwenye biro ya doyen. Muzazi ao mwanafunzi anayelipa anaweza kuenda nayo kwenye ratiba ya kweli mwisho wa semestri, na kuhesabu masaa mangapi ya saikolojia ao ya uraia yalifundishwa kweli, na mangapi yalibaki kwenye silabusi.